Kuongeza watu si kuongeza nguvu

Kazi ikikwama ofisini, iwe Moshi au Arusha, dawa ni ileile: waongezwe watu. Inadhaniwa wanane watatoa mara nane ya mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, ila hesabu hiyo ilishapimwa ikagoma.

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao. Matokeo yalichapishwa 1913. Wakiwa wawili, kila mmoja alitoa takribani asilimia 93 ya nguvu yake ya peke yake. Wakiwa wanane, asilimia 49 tu! Sababu moja ni kwamba kuvuta kwa mpigo mmoja ni kugumu. Nyingine, ambayo mabosi hawapendi kuisikia, ni kwamba mtu akijua mchango wake hauonekani hulegeza mkono. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kuwa wanavuta na wenzao kumbe wanavuta peke yao. Bado walilegea.

Msafara wa Kilimanjaro una watu wengi, na unakwenda. Mizigo hupimwa getini isizidi kilo 20, kila mgumu, yaani mpagazi, na wake, na mpishi ni mpishi. Hema likichelewa kufika kambini, aliyelibeba anajulikana. Kamati ya watu kumi na wawili iliyoambiwa tu "andaeni ripoti" haina kitu hicho. Kabla ya kumwomba wa kumi na tatu, andikeni jina moja mbele ya kila sura ya ripoti.