Umeme Umerudi, Mbona Treni Haijaondoka?

Kila treni za mjini zinaposimama kwa hitilafu ya umeme, malalamiko mengi tunayopokea hubeba swali hilohilo: taa za mitaani zimeshawaka, mbona sisi bado tumekwama? Swali ni la haki na linastahili jibu kamili.

Treni ya umeme haibebi nguvu yake yenyewe. Huipata kwenye waya wa juu, mara nyingi wa volti 25,000, au kwenye reli ya tatu, yaani reli ya ziada yenye umeme iliyolazwa kando ya zile mbili za magurudumu, ambayo katika mifumo mingi ya mijini huwa na takriban volti 750, na vituo vya kupozea umeme vilivyo kando ya njia ndivyo vinavyoupokea umeme wa gridi na kuupunguza. Treni moja ndefu inapoanza kushika mwendo huweza kuvuta megawati kadhaa, kwa hiyo wanaotuandikia kwamba "tununue jenereta" wanaomba, bila kujua, mtambo wa kufua umeme. Betri za ndani ni za taa za dharura, mawasiliano na milango, wala haziwezi kusukuma mabehewa.

Tena si lazima umeme ukatike kabisa ndipo treni zisimame. Tarehe 9 Agosti 2019 nchini Uingereza, mitambo ya kuzalisha umeme ilijitoa kwenye gridi karibu kwa wakati mmoja, na masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, yakashuka kutoka hezi 50 hadi 48.8. Wateja waliokatiwa umeme waliupata tena chini ya saa moja. Hata hivyo, treni za aina fulani zinazohudumia London zilijizima ili kulinda mitambo yake, na baadhi yake madereva walishindwa kuziwasha, ikabidi kila moja imsubiri fundi aifikie ilipo, huku abiria wakikaa humo kwa saa kadhaa.

Kinachotuchelewesha zaidi, na hili tumelisema mara nyingi mno, ni abiria anayevuta mpini wa dharura na kushuka relini. Akionekana mtu mmoja tu njiani, mdhibiti wa umeme wa njia haruhusiwi kurudisha umeme katika sehemu hiyo: treni zinazokaribia husimamishwa, wakaguzi hupita njia yote kwa miguu, kila msimamizi wa wakaguzi hao huthibitisha kwamba watu wake wametoka relini, uthibitisho huo huandikwa pamoja na saa yake, na ndipo swichi iwashwe. Muda wote huo, treni ya nyuma iliyokuwa tayari kuondoka nayo husubiri. Katika nchi nyingi kuingia relini bila idhini ni kosa linaloadhibiwa kisheria hata kama hakuna aliyeumia.

Palipo na moshi au moto, fuata maelekezo ya dereva bila kukawia. Mwenzako akizidiwa na joto au akiugua, bonyeza kitufe cha mawasiliano, ambacho kwa kawaida huwa karibu na mlango, umtajie dereva namba ya behewa iliyoandikwa ukutani, kisha ubaki hapo hadi akujibu.