Filamu ya Somme ya 1916: Tafuta Kwanza Kamera Ilisimama Wapi

Mimi ni mhariri wa dokumentari. Nikiletewa picha za kale za vita, askari nawaangalia baadaye. Kwanza natafuta kamera ilisimama wapi. Hakuna filamu inayoonyesha umuhimu wa swali hilo kama "The Battle of the Somme", iliyotolewa Uingereza Agosti 1916, huku mapigano yenyewe ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, ambako Waingereza na Wafaransa walipigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yakiwa hayajaisha.

Walioipiga ni wawili, Geoffrey Malins na John McDowell. Kamera zilisimikwa juu ya miguu mitatu na mpini ukazungushwa kwa mkono. Hazikuwa na lenzi za kuzumu, yaani za kuvuta karibu kilicho mbali, kwa hiyo ukitaka kumwona mtu vizuri, ilibidi umsogelee.

Sasa tazama kipande kinachojulikana kuliko vyote. Askari wanapanda kutoka handakini, mmoja anateleza kurudi chini kana kwamba amepigwa risasi. Picha inayofuata, wenzake wanaingia kwenye moshi na wawili wanaanguka. Handaki lenyewe ni fupi mno. Mizigo mgongoni hawana. Na mpiga picha amesimama kwa raha mahali ambapo risasi zingempata yeye kabla ya wao! Ukiwa na subira utamwona hata "maiti" mmoja akikunja miguu alale vizuri. Kipande hicho kiliigizwa nyuma ya mstari wa mbele, kwenye shule ya mafunzo ya jeshi.

Wako wanaosema basi filamu nzima ni uongo. Mimi sikubali. Maigizo hayo ni kama sekunde 90 katika filamu ya zaidi ya dakika 70. Mlipuko wa Hawthorn Ridge, baruti ya Waingereza iliyolipuliwa chini ya ngome ya Wajerumani saa 1:20 asubuhi ya Julai 1, siku ya kwanza ya mapigano, ni wa kweli: Malins alikuwa ng'ambo na kamera yake pale udongo ulipoinuka. Shambulio lenyewe pia limo, ila askari wanaonekana vidoti tu mlimani, ndiyo maana watengenezaji wa vipindi vya televisheni hulikimbia na kuchukua lile la kuigiza.

Ningeambiwa nichague kipande kimoja, ningechukua kile cha Lancashire Fusiliers, kikosi cha jeshi la Uingereza. Wamejibanza kwenye njia iliyozama katikati ya mashamba karibu na kijiji cha Beaumont Hamel, wakisubiri amri. Mmoja anavuta sigara, mwingine anaikodolea lenzi bila tabasamu. Hapa kamera iko mahali pake, hatua chache tu kutoka kwao, kwenye kinga ileile. Muda mfupi baadaye walitoka kwenda kwenye bunduki za rashasha, na wengi hawakurudi. Siku hiyo moja ya Julai 1 jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, yaani waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa au kupotea; kati yao 19,240 waliuawa.

Nakala iliyosafishwa iko chini ya uangalizi wa Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza. Itazame yote, bila sauti ya msimulizi, na kila picha inapobadilika ulizia kamera.