"Onyesho jipya" la opera ya ngano: kipya ni nini hasa?

Nyumba ya opera inapotangaza onyesho jipya la Hänsel und Gretel, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mvulana Hänsel na dada yake Gretel wanaopotea msituni, msomaji asiyeizoea sanaa hii anaweza kudhani kwamba kuna mtu aliyeandika hadithi upya au kutunga muziki mwingine. Sivyo. Muziki utakaopigwa ni uleule wa Engelbert Humperdinck, na maneno yatakayoimbwa ni yaleyale ya dada yake, Adelheid Wette, kama yalivyosikika kwa mara ya kwanza mjini Weimar, Ujerumani, tarehe 23 Desemba 1893, Richard Strauss akiiongoza okestra. Kipya ni kile ambacho Wajerumani hukiita Inszenierung, yaani kazi ya kuileta opera jukwaani: mandhari, maleba, taa, mahali anaposimama mwimbaji, anachoshika mkononi, na hata zama ambamo kisa kinadhaniwa kutokea. Mwenye kuamua hayo ni mwongozaji wa jukwaa, ambaye si yule anayesimama mbele ya wapiga ala.

Neno letu "onyesho" linatutatiza kidogo hapa, kwa kuwa linabeba maana mbili: usiku mmoja wa kuimba mbele ya watazamaji, na sura nzima iliyobuniwa kwa ajili ya usiku mwingi kama huo. Onyesho kwa maana ya pili huhifadhiwa ghalani, pazia na maleba yake yote, kisha hutolewa tena mwaka hadi mwaka, mara nyingi majira ya Krismasi, waimbaji wakibadilika na sura ikibaki ileile.

Opera ya ngano, Märchenoper kwa Kijerumani, ni opera iliyojengwa juu ya hadithi za aina tuzianzazo kwa paukwa pakawa. Hänsel und Gretel ilianza kama nyimbo chache ambazo Humperdinck aliwatungia wapwa zake kwa mchezo wa nyumbani, kisha ikakua. Mtunzi alikuwa amemsaidia Richard Wagner, mtunzi mkubwa wa opera wa Ujerumani, huko Bayreuth katika kuandaa opera yake Parsifal ya mwaka 1882, na alichojifunza huko kinasikika: okestra ni kubwa, na sauti za watoto halisi zingezama humo. Kwa hiyo Hänsel huimbwa na mwanamke mzima mwenye sauti ya mezo-soprano (sauti ya kike ya kati), na Gretel na soprano (sauti ya kike ya juu). Kazi ya kwanza ya mwongozaji, kabla ya falsafa yoyote, ni kuwafanya watu wazima wawili waaminike kuwa ni watoto wenye njaa.

Njaa ndiyo kiini. Katika ngano iliyochapishwa na ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi wa Kijerumani, mwaka 1812, mama (ambaye matoleo ya baadaye yalimgeuza mama wa kambo) anashawishi watoto watupwe msituni makusudi. Wette alipunguza ukali huo. Kwake mama amechoka, anawakuta watoto wakicheza badala ya kufanya kazi, na katika hasira yake mtungi wa maziwa unavunjika, maziwa ambayo ndiyo chakula pekee cha usiku ule. Anawafukuza waende kuchuma stroberi. Baba, mfunga mifagio, anarudi na vyakula watoto wakiwa wameshapotea.

Lakini mahali pazuri pa kupimia onyesho jipya ni mwisho wa sehemu ya pili. Watoto wanasali kabla ya kulala: malaika kumi na wanne wawazunguke, wawili kichwani, wawili miguuni, wawili kulia, wawili kushoto, wawili wawafunike, wawili wawaamshe, wawili wawaonyeshe njia ya peponi. Wanalala. Kisha okestra inapiga peke yake kwa dakika kadhaa bila neno, na maelekezo ya opera yanataka mawingu yafanye ngazi, malaika washuke wawili wawili na kusimama kama sala ilivyosema. Mwongozaji Richard Jones, katika onyesho lililoanza Wales mwaka 1998 na kufika Metropolitan Opera ya New York mwaka 2007, aliwaondoa malaika, akaleta wapishi kumi na wanne wanaoandaa karamu. Hakugusa nota hata moja, na kwa maoni yangu aliisoma opera vizuri kuliko wengi, kwani mtoto aliyelala na njaa huota chakula.

Vivyo hivyo nyumba ya peremende, ambayo watoto wanaikuta msituni. Mwongozaji Laurent Pelly, huko Glyndebourne, Uingereza, mwaka 2008, aliifanya duka kubwa la kujihudumia, rafu zimejaa tele, na makazi ya wazazi akayatengeneza kwa maboksi. Mwenye nyumba naye, ambaye Wajerumani humwita mchawi ingawa kwa ulaji wake wa watoto sisi tungemwita zimwi, aliandikiwa mezo-soprano, lakini maonyesho kadhaa humpa mwanamume mwenye sauti ya tenor, ile sauti ambayo wanakwaya wetu huiita ya tatu.

Mwishoni watoto wanamsukuma zimwi tanurini, tanuri linalipuka, watoto waliokuwa wamegeuzwa keki za viungo wanarudi kuwa watu, na zimwi anaburutwa kutoka kwenye magofu akiwa yeye mwenyewe keki kubwa. Maelekezo yanataka keki hiyo iwekwe katikati ya jukwaa, baba aielekeze familia kwenye haki ya mbinguni, na wote waimbe. Iwapo kuna atakayeimega, hilo ni la mwongozaji.