Dhana Potofu Kuhusu Kupanga Kipengele Kimoja cha Fleksiboksi

Katika fleksiboksi, yaani mfumo wa CSS (lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti) wa kupanga vipengele katika safu mlalo au wima, wengi huamini kwamba klasi ya self-center hukiweka kipengele katikati ya kontena kwa vyovyote vile. Ukweli ni kwamba klasi hiyo, iwe self-center ya Tailwind au align-self-center ya Bootstrap (zote mbili ni maktaba za klasi za CSS zilizo tayari), hubeba kanuni moja tu ya CSS, yaani align-self, ambayo haina uwezo wowote juu ya mhimili mkuu (mwelekeo ambao vipengele hupangwa) na hufanya kazi kwenye mhimili mkato (unaoukata huo) pekee. Vipengele vikiwa katika safu mlalo, self-end hukishusha kipengele hadi chini; kontena ikipewa flex-col (safu wima), self-end ileile hukipeleka kulia, endapo maandishi yanasomwa kutoka kushoto. Kwa hiyo mwelekeo wa kontena ndio wa kuangaliwa kwanza.

Dhana inayofuata huzaliwa na hiyo: kwamba justify-self-end itakisogeza kitufe hadi mwisho wa safu. Fleksiboksi huipuuza kabisa justify-self, ingawa kwenye gridi (mpangilio wa safu mlalo na wima kwa pamoja) inafanya kazi vizuri. Kinachofaa ni pambizo otomatiki, ambayo humeza nafasi yote iliyobaki: katika menyu yenye nembo, viungo na kitufe cha “Ingia”, ml-auto ya Tailwind au ms-auto ya Bootstrap 5 ikiwekwa kwenye kitufe peke yake, kitufe huenda kulia na vingine hubaki kushoto. Ila pambizo hiyo ikiwa kwenye mhimili mkato, kama ilivyo my-auto katika safu mlalo, huifuta kazi ya align-self.

Utepe wa pembeni uliopewa sticky top-0 (klasi za kuugandisha juu ya skrini ukurasa unaposogezwa) unapokataa kuganda, lawama hutupiwa kivinjari bila haki. Kwa kawaida fleksiboksi huwanyoosha watoto wote walingane na aliye mrefu zaidi, hivyo utepe hujaza kimo chote cha kontena na kukosa pa kutelezea. Ukiupa self-start, unarudia kimo chake wenyewe na kuanza kuganda papo hapo. Kwa maoni yangu, hakuna matumizi ya klasi hizi yenye manufaa kuliko haya. Picha iliyorefushwa hadi sura za watu zikaharibika hutibiwa vivyo hivyo. Kinyume chake, self-stretch (klasi ya kunyoosha) haifui dafu mbele ya h-24 (klasi inayopanga kimo maalumu), kwa kuwa kunyoosha kunahitaji kimo kisichopangwa.

Wapo pia wanaoandika self-start na self-end pamoja wakitarajia ya mwisho ishinde. Mpangilio ndani ya HTML hauhesabiki. Huhesabika mpangilio ndani ya faili la CSS. Nafasi ikitakiwa kubadilika kulingana na upana wa skrini, huandikwa self-start md:self-end, au align-self-start align-self-md-end kwa Bootstrap, na mabadiliko huanzia pikseli 768.

Mwisho, klasi hizi humhusu mtoto wa moja kwa moja wa kontena. Mjukuu akipewa, hatasogea mpaka mzazi wake naye awe flex au grid.