Tashihisi na usurealisti: mnyama akiketi kama mtu kwenye turubai

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wapo korongo wenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Husimama karibu na wachuuzi wa samaki, mabawa wameyakunja mgongoni, utadhani mzee aliyefunga mikono nyuma akisubiri kikao kianze. Ukishasema hivyo umefanya tashihisi: umempa kiumbe asiye mtu sifa za mtu. Waliosoma fasihi ya Kiswahili wanaijua kama tamathali ya semi. Kwenye uchoraji kazi ni ileile, ila mchoraji hasemi "utadhani mzee". Anamvika korongo koti na kumpa kiti.

Koti peke yake, hata hivyo, haliifanyi picha kuwa ya kisurealisti, yaani ya sanaa inayofuata mantiki ya ndoto, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Chora sangara mwenye tai na kitambi, mbele yake foleni ya dagaa wameshika bakuli. Kila mtu wa Mwanza atacheka na kukuambia maana yake kabla hujamaliza kuitundika. Hiyo ni katuni, na ni katuni nzuri, lakini fumbo lake limeshafumbuliwa. Ngano za sungura na fisi ziko hivyohivyo: fisi ni ulafi, sungura ni ujanja, hadithi imekwisha.

Usurealisti hauna jibu la namna hiyo. Neno limetoka Kifaransa, likimaanisha kilicho juu ya uhalisia. Mshairi Guillaume Apollinaire alilitumia mwaka 1917, na mwaka 1924 mwandishi André Breton akatangaza ilani ya kundi lake la wasurealisti mjini Paris. Walimsoma Freud, daktari aliyechambua ndoto, na kuziamini ndoto. Fikiria ndoto yenyewe ilivyo: uko kwenye kivuko cha Kamanga, pembeni yako ameketi sato aliyejifunga kitenge cha shangazi yako, anakuomba chenji. Hushangai. Unajipapasa mifukoni kutafuta mia mbili. Huko kutoshangaa ndiko mchoraji wa kisurealisti anakokutafuta.

Ndiyo maana rangi ya mafuta inawafaa sana wachoraji hawa. Ni unga wa rangi uliokorogwa na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani. Haikauki kwa kutoa maji kama nguo kwenye kamba. Mafuta hushika oksijeni ya hewani na kuwa magumu polepole, na hata tabaka jembamba huchukua siku kadhaa. Katika muda huo mchoraji anaweza kurudi na brashi pale manyoya yanapokutana na kola ya shati, akalainisha mpaka usione kiungo kiko wapi. Jambo lisilowezekana linachorwa kwa utulivu uleule wa kuchora bakuli la machungwa. Likichorwa ovyo, jicho linalikataa.

Linganisha na Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Tanzania uliopewa jina la mwanzilishi wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi: rangi kali, bapa, zenye mipaka wazi. Wapo wanaoiita kila picha ya namna hiyo ya kisurealisti kwa sababu chui ana macho makubwa kama sahani. Mimi sikubaliani nao. Chui yule ni chui tu, amechorwa kwa furaha.

Mfano ninaoupenda ni picha ya Leonora Carrington, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1917 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake Meksiko. Alijichora kwa rangi ya mafuta kati ya 1937 na 1938. Ameketi kwenye kiti, nywele timtim, suruali nyeupe ya kupandia farasi. Nyuma yake farasi wa kuchezea anaelea ukutani. Nje ya dirisha farasi mweupe halisi anakimbia. Mbele yake yupo fisi jike mwenye matiti yaliyojaa, ameinua mguu wa mbele kama vile mwanamke alivyonyoosha mkono, wote wawili wakitutazama. Fisi huyu hajavaa nguo yoyote. Utu wake uko kwenye ule mkao na yale macho. Wala si ulafi. Ni kama nusu ya pili ya mwanamke yule.

Kwetu Usukumani, tuliokua tukisikia habari za fisi wanaofugwa na wachawi, mtu akiitazama picha hii swali lake la kwanza halitakuwa "maana yake nini?" Atauliza: "Fisi huyu ni wa nani?"