Njia zisizotokea: jinsi Kampala inavyojifunga

Nikitaka kuujua mji, sianzi na majengo. Nafungua ramani, nahesabu makutano. Kila mahali njia zinapokutana nauliza: zinatoka ngapi? Inayoishia ukutani ina moja, njia panda ina tatu, msalaba una nne. Wastani ukishuka mwaka hadi mwaka, mji unajifunga.

Jinja mjini wastani uko juu. Lori likiziba Main Street, unakata kona, unashika Iganga Road na safari inaendelea. Kampala haikukua hivyo. Vilima vimechangia, na vinamasi vilivyo kati yake, ila mimi siku hizi naangalia zaidi mipaka ya ardhi.

Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, ndipo likaja jina mailo, yaani ardhi inayomilikiwa moja kwa moja na kurithishwa. Vizazi vikapita, warithi wakagawana. Leo mrithi anamwita mpima, anakata viwanja vya futi 50 kwa 100, anapitisha njia moja katikati ili kila mnunuzi afike kwake. Njia inafika mpakani, inakoma. Jirani akiuza ya kwake, naye anaanzia upande wake. Siwezi kumlaumu hata mmoja: kuitoboa njia hadi kwa jirani ni kupoteza kiwanja kizima, na ada za watoto zinasubiri.

Najjera, pembezoni mwa Kampala, niliwahi kusimama mwisho wa njia kama hiyo, nikasikia watu wakizungumza nyuma ya ukuta. Kwenda kwao ilibidi boda irudi mpaka lami, izunguke. Safari fupi kama hizo zote humwagwa kwenye barabara kuu chache, na foleni unayoijua inaanzia hapo. Northern Bypass, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, iliyofunguliwa 2009, inamsaidia anayevuka mji. Anayekwenda kwa jirani haimfai kitu.

Kinachoniumiza ni kwamba njia hudumu kuliko nyumba. Mabati yatang'olewa, ghorofa itapanda, lakini mstari wa njia utabaki pale pale. Kuufungua baadaye ni kununua nyumba ya mtu na kuibomoa.

Kwa hiyo nawaomba wapima wenzangu: kabla ya kuzika mawe ya mpaka, mwombeni mwenye shamba aache upenyo mwishoni, hata wa miguu na boda tu, na uchorwe kwenye ramani ya hati. Jirani atakapokuja kuuza, atakuta pa kuunganishia.