China haiwezi kuidai Marekani deni lote kwa siku moja

Miaka nenda miaka rudi ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu: karibu deni lote la Marekani ni la China, ikilidai kwa siku moja Marekani inafilisika, kwa hiyo hawa wawili hawawezi kupigana.

Sehemu kubwa ya deni hilo wanaidai Wamarekani wenyewe, ikiwemo mifuko yao ya pensheni. Miongoni mwa nchi za nje, Japani ilishaipita China tangu 2019. Labda hapo ndipo tunapochanganyikiwa, maana China iliwahi kweli kuongoza: mwaka 2013 ilishika hatifungani, yaani hati za mkopo kwa serikali ya Marekani, za takriban dola trilioni 1.3. Deni lote la Marekani lilivuka dola trilioni 36 mwaka 2024.

Na hatifungani si deni la dukani kwa Mangi, la kugongewa mlango jioni. Ina tarehe yake ya kuiva, yaani ya kulipwa. Kabla ya hapo mwenye nayo anaweza tu kumuuzia mwingine, na akimwaga nyingi sokoni bei hushuka, akaumia mwenyewe.

Kuhusu vita, Uingereza na Ujerumani zilifanya biashara kubwa hadi 1914, na bado zikapigana.

Serikali ya Marekani huchapisha jedwali la wadai wake wa nje kila mwezi, bure mtandaoni. Ukiletewa ujumbe huo tena, usiusambaze. Mtumie aliyekuletea jedwali.